Kokteli za nyumbani Dar: anza na barafu, chupa itafuata

Ukiagiza koktel kwenye kibanda cha juisi hapa Dar, utaletewa glasi ndefu yenye parachichi chini, embe katikati na pasheni juu, pamoja na kijiko. Tamu sana, ila leo siyo hiyo. Leo ni kokteli ya pombe, ile ambayo ukiinywa hotelini Masaki unaacha hela ya mboga ya siku kadhaa, na ambayo nyumbani unaweza kuitengeneza kwa Konyagi, ndimu za gengeni na sukari ya kwa Mangi. Asiyekunywa, na aliye chini ya miaka 18, ana fungu lake huko mbele.

Kosa ninalolikuta nyumba nyingi ni hili. Mtu ananunua chupa ya bei mbaya, anaipandisha kabatini kama kombe la ligi, wageni wakija anamimina kwa macho, anaongeza juisi ya boksi, anatupia vipande vitatu vya barafu. Dakika tano baadaye joto la Dar limeshafanya yake. Glasini kumebaki maji vuguvugu yenye sukari. Lawama inakwenda kwenye chupa, na chupa ya watu haina kosa lolote. Barafu ilikuwa chache, na hakuna aliyepima.

Barafu

Mwaka 1806 gazeti moja la mji wa Hudson, jimbo la New York, liliulizwa na msomaji kokteli ni kitu gani. Likajibu: pombe kali ya aina yoyote, sukari, maji na dawa chungu. Watu wanashika pombe na sukari, wanaruka maji. Siku hizi maji hayo tunayapata kwenye barafu inayoyeyuka wakati wa kutikisa, na kokteli iliyotikiswa vizuri karibu robo yake ni maji hayo. Maana yake barafu ni kiungo kama ndimu ilivyo kiungo. Ikinuka, kinywaji kinanuka.

Nalisema kwa uchungu. Niliwahi kuwaalika mashemeji nyumbani, nikawa nimegandisha barafu kwenye sahani isiyo na kifuniko, ndani ya friza ile ile yenye vibua nilivyotoka navyo Feri asubuhi. Nilipima, nilitikisa, nilipamba na jani la mnanaa. Shemeji mkubwa akapiga funda moja, akatulia, akaniuliza kwa adabu zote: "Shemeji, hii nayo wanaweka samaki?" Tangu siku hiyo barafu yangu inakaa kwenye kopo lenye mfuniko.

Kwa hiyo fanya hivi. Tumia maji ya kunywa, yaliyochemshwa yakapoa au ya chupa, siyo ya bombani moja kwa moja. Chukua kopo la aiskrimu la lita moja au mbili, lisugue kwa ndimu na magadi soda hadi harufu ya vanila iishe, jaza maji, ufunike, ugandishe usiku kucha. Bonge kubwa huyeyuka polepole kuliko vile vipande vidogo vya trei, na kwa hali ya hewa ya Desemba hadi Machi hapa mjini tofauti hiyo unaiona kwa macho. Siku ya shughuli litoe bonge, liache mezani dakika kumi lipoteze ukali, kwani ukiligonga likiwa limetoka tu kwenye friza linasambaratika kuwa unga. Lifunge kwa taulo safi la jikoni, uligonge kwa mchi. Unataka mapande ya ukubwa wa ndimu.

Hesabu kilo moja ya barafu kwa kila mgeni. Utaona ni nyingi, hadi saa mbili usiku utakapoanza kutuma mtoto dukani. Barafu ya mifuko iliyotengenezwa kwa ajili ya kunywa inapatikana supamaketi na kwenye baadhi ya vituo vya mafuta. Yale mabonge ya kuhifadhia samaki yaache na samaki wake, hata kama muuzaji anaapa kwamba maji ni safi.

Umeme nao una tabia zake. Anza kugandisha siku mbili kabla, na friza ijaze, maana friza iliyojaa hutunza baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu. Ukikatika, usifunguefungue, hamishia barafu mara moja tu kwenye deli, lile boksi wanalotembea nalo wauza maji stendi, ulifunge. Na kila ukichota barafu ya kutikisia, mwaga kwanza maji yaliyotuama chini. Barafu iliyolowa inazimua kinywaji kabla hujaanza kazi.

Kuna wanaotaka barafu inayong'aa kama kioo, ile ya picha. Kuchemsha maji mara mbili, kama tunavyoambizana, hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kulazimisha maji yagande kutoka upande mmoja. Weka maji kwenye deli dogo linaloingia kwenye friza, uliache wazi juu. Pembeni na chini pamezibwa baridi isipite, kwa hiyo maji huanza kuganda juu na kushuka, yakiisukuma hewa chini. Litoe baada ya kama siku moja kabla chini hakujaganda, kata sehemu yenye ukungu, utupe. Mimi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka, na mara zote ni kwa ajili ya kujionyesha. Ukifanya, hakikisha friza haina vibua.

Vipimo na vyombo

Kitu cha kununua kama hujawahi kununua chochote ni kipimo. Baa wana toti yao ya chuma. Nyumbani angalia kwenye boksi la dawa: kile kikombe kidogo cha plastiki kilichokuja na dawa ya kikohozi ya mtoto kina mistari ya mililita, na ni sahihi kuliko jicho la mtu yeyote aliyeshakunywa glasi moja. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, cha mezani ni 15. Kikombe cha kahawa cha barazani, kile kidogo kisicho na mkono, changu kinabeba mililita 60 nikikijaza. Chako kipime kwa maji kwanza. Hata ukikosa vyote hivyo, shika chombo kimoja na usikibadilishe usiku mzima, kwani uwiano ndio unaotengeneza ladha.

Sheka ya chuma, kile chombo cha kutikisia, ni nzuri, lakini chupa ya jemu yenye mdomo mpana na mfuniko wa bati usiovuja inafanya kazi ile ile. Chujio la chai unalo. Kijiko kirefu, kisu kikali, ubao wa kukatia. Ukitaka kuponda majani au matunda, nunua kinu kidogo kipya cha mbao na ukitenge. Kile cha jikoni kimeshaponda vitunguu saumu na binzari vya miaka, na ukikitumia utawapa watu mojito ya pilau.

Shira

Sukari haiyeyuki kirahisi kwenye kitu cha baridi. Inakaa chini ikimsubiri anayenywa funda la mwisho. Ndiyo maana tunatumia shira, ile ile ya kaimati ila nyepesi zaidi. Gramu 200 za sukari, mililita 200 za maji, moto mdogo, koroga hadi sukari ipotee, epua. Usiichemshe ikawa nzito. Ikipoa, itie kwenye chupa safi na kuiweka kwenye friji. Hukaa wiki mbili hadi tatu. Ukiona ukungu au povu, mwaga.

Kutoka hapo unaanza kucheza. Ya tangawizi ndiyo ninayoitumia kuliko zote: gramu 100 za tangawizi mbichi, saga kwenye blenda na mililita 200 za maji, chuja kwa kitambaa, uiache itulie robo saa. Utaona unga mweupe umejikusanya chini. Mimina juu taratibu, uache huo unga, halafu weka gramu 200 za sukari na upashe moto kidogo tu, maana ukali wa tangawizi hupungua ukiichemsha sana. Ya mdalasini na hiliki ni kuchemsha tu pamoja. Ya asali haihitaji hata moto: asali sehemu mbili, maji ya moto sehemu moja, koroga. Asali nzito ya Tabora ukiitia moja kwa moja kwenye barafu inaganda kama gundi na kung'ang'ania kijiko.

Na ile "dawa chungu" ya 1806? Baa wanatumia Angostura, iliyoanza kutengenezwa Venezuela na daktari Mjerumani, Johann Siegert, mwaka 1824, na ambayo leo inatoka Trinidad. Chupa moja ndogo inakaa mwaka mzima kwa kuwa unatia matone mawili matatu tu. Kama huipati, chukua mililita 100 za Konyagi, karafuu kumi, kijiti cha mdalasini na ganda la chungwa lililobanduliwa bila ile nyama nyeupe, ufunike siku nne, uchuje. Haitakuwa chungu kama ile ya dukani, siwadanganyi. Lakini harufu ya karafuu juu ya kinywaji cha baridi ni kitu ambacho hata hoteli kubwa hawakupi.

Ndimu

Ndimu ni ile ndogo ya mviringo yenye ganda jembamba; limao ni lile kubwa la ganda lenye mikunjo. Maelekezo ya Kimarekani yakitaja "lime", lile tunda la kijani, tumia ndimu hiyo. Nunua zenye ganda linalong'aa na zilizo nzito mkononi. Zisitoke kwenye friji moja kwa moja. Ziviringishe mezani kwa kiganja zilainike, ndipo ukate. Ndimu zetu ni ndogo, moja hutoa kama mililita 15, kwa hiyo kwa glasi nne nunua sita, na mbili za akiba, kwa sababu lazima moja itakuwa kavu. Kamua siku hiyo hiyo. Maji ya ndimu ya jana yana uchungu fulani wa nyuma ya ulimi ambao sukari haiufichi. Ya chupa ya plastiki sitaki hata kuyazungumzia.

Chupa ipi

Kwa kuanzia, moja inatosha, na mimi naanza na Konyagi. Jina limetokana na cognac ya Wafaransa ingawa yenyewe si brandi. Ni pombe nyeupe inayotengenezwa hapa hapa Dar, ikikaa katikati ya vodka na jini. Ina alkoholi asilimia 35. Shika namba hiyo, maana vodka, jini na ramu nyingi ziko kati ya 37.5 na 43, na maelekezo ya vitabu yamepimwa kwa hizo. Ukiyafuata kama yalivyo kwa Konyagi, kinywaji kinakuja chepesi na kichachu. Punguza ndimu kidogo na usitikise mno. Ndiyo siri yote.

Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini chupa ndogo zipo, na zinatosha kujaribia kabla hujanunua kubwa. Nunua duka unalolijua, angalia kizibo hakijachezewa, na angalia stempu ya kodi. TRA wana programu ya simu ya Hakiki Stempu ya kuikagua. Gongo usiiguse hata kama jirani anasema anamjua anayeipika. Inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofua na kuua, bila kujali umeichanganya na nini.

Somo la kwanza: Konyagi ya ndimu

Hii ukiiweza, nyingine zote ni kubadilisha vitu viwili vitatu.

1. Weka glasi kwenye friza nusu saa kabla. Glasi ya kabatini Dar ni ya moto, hata kama huihisi.
2. Kwenye chupa ya jemu, bila barafu, mimina Konyagi mililita 60, maji ya ndimu 20, shira 20.
3. Onja kwa ncha ya kijiko sasa hivi. Inatakiwa ionekane kali na tamu kupita kiasi. Baridi hufifisha utamu, na maji yanakuja. Ikionekana sawasawa sasa, baadaye itakuwa chachu. Ongeza shira kijiko cha chai kimoja, uonje tena.
4. Jaza barafu robo tatu ya chupa. Jaza kweli, usione huruma. Barafu nyingi huyeyuka kidogo. Barafu chache huyeyuka yote.
5. Funga, funika kwa taulo, tikisa kwa nguvu sekunde kumi na mbili. Siyo kubembeleza mtoto. Barafu inatakiwa igonge juu na chini. Sauti itaanza kama mawe kwenye debe, kisha itakuwa nzito, na nje ya chupa patashika ukungu unaouma vidole. Hapo simama. Kwa sababu ya alkoholi, kinywaji kinaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, ndiyo maana kinakuwa baridi kuliko maji ya friji.
6. Chuja kwenye glasi ya baridi, kwa chujio la chai ili kuzuia vipande vidogo. Matone mawili ya dawa ya karafuu juu. Kunywa kikiwa bado kina baridi, usikiweke kupiga picha ishirini.

Ukitumia ramu nyeupe, mililita 60 kwa ndimu 25 na shira 20, umetengeneza Daiquiri, iliyopewa jina la sehemu yenye machimbo ya chuma karibu na Santiago, Cuba. Umeona ilivyo karibu? Vodka, jini, tequila: mfupa ni ule ule.

Kanuni moja kabla ya kuendelea. Chenye juisi kinatikiswa. Chenye pombe tupu, kama Martini, kinakorogwa na barafu taratibu kwa sekunde thelathini ili kisipate povu. Na soda ya aina yoyote haiingii kwenye chupa ya kutikisia kamwe. Itarusha mfuniko hadi darini, na utaokota vipande vya ndimu nyuma ya kochi mwezi mzima. Soda inaongezwa mwisho, glasini.

Sasa geuza

Dawa wengi mnaijua kutoka kwa jirani zetu wa Kenya, ambako hutengenezwa kwa vodka, ndimu na asali, mtindo waliouchukua kwenye caipirinha ya Brazil. Kata ndimu moja vipande vinne, viponde kidogo kwenye glasi pamoja na vijiko viwili vya mezani vya shira ya asali. Kidogo, nimesema, ukiponda ganda hadi likauke linatoa uchungu. Konyagi mililita 60, barafu iliyopondwa, koroga kutoka chini. Wanaweka kijiti cha kukorogea. Kipande cha muwa kilichochongwa kinakaa vizuri zaidi, na ukimaliza unatafuna.

Ya tangawizi ni ya uvivu na ni ya siku za joto kali: Konyagi 50, ndimu 15, barafu hadi juu, halafu Stoney ya baridi mililita 120 ukiimimina pembeni mwa glasi. Stoney ina sukari ya kutosha, usiongeze shira. Kama unataka ukali wa kutoa machozi, acha Stoney, weka shira ya tangawizi 20 na soda maji.

Pasheni: mbili zilizosinyaa, maana iliyosinyaa ndiyo tamu, zikamuliwe kwa kijiko juu ya chujio. Usizitie kwenye blenda, mbegu zitavunjika na kuleta ukakasi. Fuata somo la kwanza, ila ndimu iwe 10 tu.

Ninayoipenda mwenyewe ni ya ukwaju. Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye mililita 300 za maji ya moto dakika ishirini, uvuruge kwa mkono, uchuje. Uwe mzito kama uji mwepesi. Changanya chumvi na pilipili ya unga kwenye kisahani, kama zile za embe mbichi za kukatwakatwa mtaani. Pitisha kipande cha ndimu kwenye mdomo wa glasi, nusu tu ya mduara, uuchovye kwenye hiyo chumvi. Kwenye chupa weka Konyagi 50, ukwaju 45, shira 25, ndimu 10, utikise. Mgeni akishaonja upande wenye pilipili utamwona anazungusha glasi, anatafuta upande mtupu, halafu anarudi kule kule.

Madafu hayataki makelele. Maji ya dafu mililita 120, Konyagi au ramu 45, ndimu 10, barafu mbili kubwa, koroga mara tatu. Usitie shira. Muuza madafu wa baiskeli akukatie dafu mbele yako, na ulitumie siku hiyo hiyo, kwa sababu maji ya dafu yakilala yanachacha.

Jini na toniki sikuhesabu kama kokteli ya kufundisha, ila ina hadithi yetu ndani yake. Uchungu wa toniki ni kwinini, dawa ya malaria ya wazee. Mti wake unatoka Amerika Kusini, na enzi za Wajerumani ulipandwa Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, katika kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902. Kwinini iliyomo kwenye chupa ya toniki ni kidogo mno kutibu chochote, usije ukakunja chandarua. Jini 50, toniki 150, barafu nyingi, kipande cha ndimu, na mchaichai uliopigwapigwa kama unao nje.

Watu wakiwa wengi, usisimame jikoni ukitikisa glasi moja moja huku wenzako wanacheka sebuleni. Changanya Konyagi mililita 480, ndimu 160, shira 160 na maji safi ya baridi 200. Jumla lita moja kamili, glasi nane. Maji yale yanachukua nafasi ya barafu ambayo ingeyeyuka kwenye kutikisa. Funga, weka kwenye friji asubuhi, jioni unamimina tu. Ndiyo ninayoitegemea umeme ukiwa wa kubahatisha. Nyingine ya jagi ni sangria, ya Kihispania, kwa mvinyo mwekundu wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka: chupa moja ya mililita 750, chungwa moja na robo ya nanasi vilivyokatwa, shira ya mdalasini 60, Konyagi 60, saa nne kwenye friji. Kama mvinyo wako ni ule mtamu, shira iache kabisa.

Fungu la asiyekunywa

Kila mwaliko wa Dar una mtu asiyekunywa, kwa dini, kwa dozi, kwa mimba, au kwa kuwa ndiye dereva. Usimpe soda ya chupa huku wengine wanapambiwa glasi. Loweka gramu 20 za rozela kavu kwenye mililita 500 za maji ya moto, hiliki tatu na kipande cha tangawizi, robo saa, chuja, poza. Kisha rozela 100, shira ya tangawizi 20, ndimu 10, tikisa na barafu, malizia na soda maji. Rangi yake inaipita kokteli yoyote ya pombe mezani, na watu huiulizia.

Lakini chupa yake ya kutikisia iwe yake, na chujio lake, na kijiko chake, na jagi likae mbali na lenu. Kusuuza haraka kwenye sinki hakutoshi, na mgeni Muislamu hapaswi kukuuliza mara mbili kama chombo ni safi. Mwonyeshe kabla hajauliza.

Hesabu ya glasi

Konyagi mililita 60 ina mililita 21 za alkoholi tupu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina 25. Glasi moja ya somo la kwanza basi inakaribia bia nzima, tofauti ni kwamba bia unaizungusha nusu saa na hii inaisha kwa mafunda sita kwa sababu ni ya baridi na tamu. Weka jagi la maji mezani, na chakula kiwe tayari kabla ya glasi ya kwanza: mihogo ya kukaanga, mishikaki, korosho. Aliyekuja na gari aache ufunguo kwenye kabati lako, aondoke na bajaji.

Usiku ukiisha, osha chujio papo hapo, maana shira ikikauka kwenye matundu hutaitoa. Shira irudi kwenye friji, barafu iliyobaki kwenye deli uifanyie maji ya kunywa asubuhi. Maji ya ndimu yaliyobaki usiyaweke kwa ajili ya kesho, yaoshee vibua.